Shemeji Anaona Chui

Ukitaka kujua Arusha ina wataalamu wangapi wa macho, usihangaike kwenda hospitali. Simama kituo cha vifodi pale Kilombero, fikicha jicho, nyamaza. Kabla gari halijajaa utakuwa umeshaambiwa ule karoti, uache simu, unawe kwa chai ya rangi iliyopoa, umsamehe mtu uliyemfungia moyoni, na upime presha. Huyo wa presha ni konda, na ushauri anakupa huku amekunjua kiganja akisubiri nauli.

Yote hayo nimeambiwa, na mengine ambayo siwezi kuyaandika kwenye gazeti linalosomwa na watoto, kwa sababu tu nilianza kuona vitu. Nilikuwa mezani nasahihisha safu, nikaona mkato umekaa pasipo pake. Nikaufuta. Haufutiki. Nikahamia mstari wa chini, mkato nao ukahama, ukachelewa kidogo njiani, kisha ukatua juu ya neno "serikali", mahali ambapo ungeweza kuniletea matatizo. Asubuhi yake Meru ilikuwa imejivua mawingu yote, jambo ambalo mwezi wa saba ni la kuwapigia simu ndugu, nikatoka nje kuutazama mlima kwa raha zangu. Juu ya kilele, kwenye ule weupe wa anga, alikuwepo kiluwiluwi. Ana kichwa, ana mkia, na mwili wake unapitisha mwanga. Nikimkodolea macho anakimbilia pembeni. Nikimpuuza anarudi katikati.

"Inauma?" akauliza Mangi wa dukani kwetu, huku akipima sukari.

Nikasema haiumi.

"Basi si kitu. Chukua karoti." Akanifungia za shilingi elfu mbili, kwa sababu ushauri wa Mangi haujawahi kutoka bure, ingawa risiti yenyewe hatoi.

Mimi na karoti tuna ugomvi wa muda mrefu. Wakati wa Vita ya Pili ya Dunia Waingereza walitangaza kwamba rubani wao John Cunningham, waliyempachika jina la Macho ya Paka, anazidungua ndege za Wajerumani usiku wa giza kwa sababu ya kula karoti. Kumbe ndege zao zilikuwa zimefungwa rada, na hawakutaka habari hiyo isambae. Vita ikaisha, rada zikajulikana dunia nzima, ila uongo wa karoti ukapanda meli ukaja kuweka makazi dukani kwa Mangi. Vitamini A inahitajika kweli, na mtoto anayeikosa kabisa anaweza kupofuka. Ndiyo maana watoto wetu wa chini ya miaka mitano hupewa matone yake mwezi wa sita na wa kumi na mbili. Lakini mtu mzima wa hapa, anayekula mchicha, maembe na maini ya mbuzi, karoti ya ziada haimwongezei jicho. Inamwongezea Mangi.

Jirani yangu naye aliuliza kama inauma, akapata jibu lilelile, akasikitika kwamba Babu hatunaye tena. Mnamkumbuka. Mwaka 2011, mchungaji mstaafu Ambilikile Mwasapile alipokuwa akigawa kikombe cha dawa kwa shilingi 500 kule Samunge, Loliondo, jirani alichanga gari na wenzake, akala vumbi, akalala kwenye foleni ya magari iliyopimwa kwa kilomita, akanywa, akarudi na mafua. Simcheki, waheshimiwa nao walikwenda. Ninachoshangaa ni kwamba mtu aliyeivumilia safari ile, ukimwambia aende hospitali ya KCMC kupima macho, kilomita kama themanini za lami tupu, anakujibu Moshi ni mbali.

Mama yangu yuko Nkoaranga. Nikampigia simu. "Mwanangu, inauma?" Haiumi, mama. "Basi huo ni uzee," akasema. "Karibu."

Hapo ndipo hasira zangu zilipo. Sisi ugonjwa tunaupima kwa maumivu. Anayelia ni mgonjwa, asiyelia anadeka. Kwa tumbo na jino utaratibu huo unafanya kazi vizuri tu. Kwa jicho haufai kabisa, maana jicho ni kiungo kisicho na shukrani, na maumivu yake yamegawanywa kwa upendeleo. Mbele, kwenye konea, kile kioo chake chenye kung'aa, mishipa ya fahamu imejazana kuliko karibu mahali pengine popote mwilini. Punje moja ya vumbi la Ngarenaro ikiingia, baba mwenye familia analia hadharani. Nyuma, kwenye retina, ambako ndiko kazi yenyewe ya kuona inakofanyika, hakuna hata mshipa mmoja wa kusikia maumivu. Retina inachanika kimya. Inabanduka kimya. Kisukari kinaitoboa mishipa yake ya damu, damu inavuja, mwenye jicho anaangalia mpira.

Nendeni Unga Limited mkawaulize mafundi wa kuchomelea. Kijana anachomelea geti mchana kutwa, usoni kavaa miwani ya jua ya mtumba, hasikii kitu. Saa sita usiku anaamka na ukelele, nyumba nzima inasimama, huyu analeta maziwa, yule anamenya kiazi cha kumbandika. Kilichotokea ni kwamba ule mwanga umeunguza utando wa juu wa konea, na utando huo mara nyingi hujiotea upya kwa siku moja au mbili. Mtaa mzima umeamshwa kwa jicho linalopona. Yule anayelipoteza lake moja kwa moja yuko chumba cha pili, anakoroma.

Sisemi anayeumwa anyamaze. Jicho likiwa jekundu, linauma, kichwa kinapasuka, unatapika na kila taa unaiona imezungukwa na pete za rangi, hiyo ni presha ya jicho iliyopanda ghafla, na ni safari ya hospitali usiku huohuo. Chokaa, simenti au maji ya betri yakiingia, maji safi mengi kwanza, dakika kumi na tano na zaidi, ndipo utafute usafiri. Na mtu asikuuzie matone ya macho kwa kukuangalia tu kutoka ng'ambo ya kaunta. Baadhi yana steroidi. Yanatoa wekundu, unamsifu muuzaji, na ukiyazoea yanakupandishia presha ya jicho bila kukuaga.

Turudi kwangu. Kiluwiluwi peke yake nisingempeleka kwa mtu. Lakini zikaja radi. Taa zimezimwa, nimelala, nikigeuza jicho kushoto mwanga unajichora upinde pembeni na kupotea. Nikadhani umeme unacheza.

"Unatazama nini?" akauliza mama watoto.

"Radi."

Akanyamaza, akasikiliza. Nje kulikuwa na baridi na mbwa wa jirani, basi. Asubuhi hakuniuliza kama inauma. Alimpigia simu kaka yake: "Mpeleke shemeji yako hospitali, na usikubali akuambie mrudi kesho."

Shemeji ni dereva wa watalii, mtu wa Machame, na inabidi nimweleze vizuri. Huyu anaweza kumwonyesha Mjerumani chui aliyelala juu ya mgunga pale Seronera, umeonekana mkia tu, tena gari likiwa kwenye mwendo. Wageni humtunza vizuri kwa macho hayo. Land Cruiser lake likitoa mlio asioufahamu, hata wa chupa ya maji inayobingirika chini ya kiti, linalala gereji siku hiyohiyo. Kasoro ni moja. Ubavu wa kushoto umechubuka kuanzia taa ya mbele hadi tairi la nyuma. Geti la kwake, anasema, fundi alilijenga limeinama. Na bodaboda wa Arusha siku hizi, anasema, hawana adabu, wanachomoza kusikojulikana. Tukiwa njiani walichomoza wengine, wote kutoka kushoto, na wote walitukanwa Kimachame.

Hospitali siitaji jina, maana nitarudi. Dirisha la kwanza lilinipa karatasi ya kupeleka dirisha la pili. Dirisha la pili likaniuliza nani kanipa karatasi hiyo, kwa sauti ya mtu aliyekamata noti bandia. Bima ikahakikiwa, mtandao ukakatika, bima ikahakikiwa tena na mtu mwingine ambaye hakumwamini wa kwanza. Hatimaye nikafika mbele ya ubao wa herufi E zilizogeukia huku na huku, kazi yako ni kuonyesha kwa kidole imeelekea wapi. Niliziba jicho, nikaanza. "Chini!" akasema shemeji kutoka kwenye benchi. "Kulia. Juu. Hiyo ya mwisho kushoto, shemeji, mbona iko wazi?" Alikuwa mbali kuliko mimi na aliusoma ubao mzima hadi mstari wa wadudu. Muuguzi akamwomba anyamaze, hapimwi yeye.

Kisha matone ya kutanua mboni. Yanachoma. Kinachoudhi zaidi ni kwamba baada ya muda unayasikia uchungu kooni, maana jicho lina njia yake ya siri ya kwenda puani. Unakaa, unaongezewa, unakaa. Herufi za karibu zinaanza kuyeyuka, na taa ya dari inakuwa adui. Niliwekewa fomu ya malipo mbele nikashindwa kuisoma, na nakiri nilipata amani kubwa, mpaka shemeji aliponisomea kwa sauti.

Daktari alikuwa binti. "Shikamooni wazee," akasema, na nikamwona shemeji anajilegeza kwenye kiti. Mtu anayekuamkia hawezi kuwa na habari mbaya. Akanikalisha kwenye mashine, kidevu hapa, paji la uso pale, akaniwashia taa iliyofika hadi kwenye mambo yangu ya ujana. Tazama juu. Tazama chini. Tazama sikio langu. Halafu akanieleza bila haraka, kitu ambacho baada ya yale madirisha karibu kinitoe machozi halisi.

Ndani ya jicho kuna ute, yapata mililita nne, karibu wote ni maji, mzito kiasi cha ute wa yai. Umri unapokwenda, ute husinyaa na nyuzi zake hushikana. Nyuzi zile huangusha kivuli kwenye retina. Huyo ndiye kiluwiluwi wangu, na ndiyo maana anapenda anga jeupe na karatasi. Siku ute unapojibandua kutoka kwenye retina, huivuta. Retina ikivutwa haijui kusema "naumia", inajua kusema "mwanga" tu. Hiyo ndiyo radi. Wengi waliovuka miaka hamsini hupitia haya, wasioona mbali bila miwani hupitia mapema zaidi, na kwa kawaida mambo huishia hapo: radi zinatulia, kiluwiluwi unamzoea. Wachache huvutwa vibaya, retina ikachanika, maji yakapenya kwenye ule mpasuko na kuibandua ukutani.

Ikiwa imechanika tu, inazungushiwa leza na unarudi nyumbani. Ikishabanduka ni upasuaji, na hapo siku zinahesabiwa, maana sehemu ya katikati ikishang'oka, hata ukirekebishwa, kuona kwako hakurudi kulivyokuwa. Tushukuru tumezaliwa wakati huu. Mpaka miaka ya 1920 jicho la namna hiyo lilikuwa limekwenda. Mgonjwa alilazwa kitandani wiki nyingi ameambiwa asitikisike. Ndipo Jules Gonin, daktari wa Lausanne, Uswisi, alipowathibitishia wenzake kwamba nyuma ya kubanduka kuna tundu, na kwamba ukilitafuta ukaliziba retina inaweza kushika tena. Wenzake walimbishia miaka kadhaa.

"Yako haijachanika," akasema binti. "Lakini ukiona viluwiluwi wengi wameingia kwa mkupuo, au masizi yanamwagika, au radi zinazidi, au kivuli kinakuja kutoka pembeni kama pazia, usisubiri Jumatatu."

"Hata kama haiumi?"

Akaniangalia tu. Nadhani swali hilo anaulizwa kila siku, na wanaoliuliza huwa wamekuja na pazia lililokwisha kufika katikati, ambalo walilipa muda liondoke lenyewe.

Alinifundisha na jambo lingine, ambalo nimeligeuza kero kwa wageni wangu. Ziba jicho moja, tazama nondo za dirishani. Badilisha. Nondo zilizonyooka zikionekana zimepinda kwa jicho moja, au katikati yake pana doa lisilo na kitu, tatizo liko katikati ya retina na inabidi uonwe mapema. Wao wana karatasi ya miraba kwa kazi hiyo, ya Marc Amsler, naye ni Mswisi. Sisi tuna nondo, kwa hisani ya wezi. Cha msingi uhakikishe kwanza kwamba hazikupindwa na fundi mwenyewe. Kwangu dirisha la jikoni halifai kwa kipimo chochote cha kitabibu.

Kuziba jicho moja moja kunafichua mengi. Binti yangu mkubwa ana kipandauso, na kabla kichwa hakijaanza huona mstari wa msumeno unaometameta, unaanza mdogo, unatanuka, unakula nusu ya anachotazama, na baada ya dakika ishirini au thelathini unaondoka. Azibe jicho hili, azibe lile, mstari upo palepale, kwa sababu hautoki jichoni, unatoka kwenye ubongo. Mara ya kwanza tulidhani tunampoteza. Tukampeleka, na ndivyo inavyotakiwa kwa mara ya kwanza, tukaambiwa macho yake ni mazima. Sasa mlinganishe na mtu anayezimikiwa jicho moja asubuhi, giza, dakika chache, halafu linawaka tena. Halikuuma. Anamshukuru Mungu, anapanda kifodi, anakwenda kazini. Huyo ndiye wa kukimbizwa hospitali! Damu imekwama njiani kidogo ikapita, na hiyo huwa ni hodi ya kiharusi. Vivyo hivyo aliyeanza ghafla kuona kila kitu viwili viwili na kope moja imelegea.

Yaani vinavyotisha vinakwisha vyenyewe, na visivyotisha ndivyo vinavyokumaliza. Nani aliupanga utaratibu huu?

Kuna mzee wa ukoo wetu kule Poli. Macho yake yalikuwa yamefunikwa na mtoto wa jicho, akawa anaishi kwa kusikiliza. Siku moja akatangaza kwamba kuna watoto wamevaa kofia wanapita kwenye migomba. Hawasemi, hawaombi maji, wanapita tu. Yeye hakuogopa hata chembe; jioni aliwahesabu, na lalamiko lake lilikuwa moja, kwamba hawaamkii. Waliokosa usingizi ni waliobaki. Wakaitwa watu wa maombi, wakakesha, sauti zikaisha. Wakaitwa watu wa upande wa pili, ambao huwa hatuwataji kanisani, akachinjwa kondoo. Watoto wakaendelea kupita na kofia zao. Ukoo ukaanza kugawana kimya kimya nani atarithi nini.

Kumbe jambo hili lina jina na lina umri. Mwaka 1760 Charles Bonnet, mwanachuoni wa Geneva, aliandika habari za babu yake, Charles Lullin, mzee mwenye akili timamu na macho yaliyofifia, aliyekuwa akiona watu, ndege, magari ya farasi na majengo yasiyokuwepo, na mwenyewe akijua hayapo. Ubongo uliozoea kuletewa picha maisha yote, usipoletewa, unajichorea. Hakuna wazimu hapo, wala mizimu. Wazee wengi wanaona mambo kama hayo na hawasemi, wakihofia kuitwa vichaa, au kitu kibaya zaidi ya kichaa ambacho katika nchi hii kimeshawagharimu wazee maisha kwa sababu ya macho yao. Wetu alipelekwa, mtoto wa jicho akaondolewa, watoto wa kofia wakahama. Sasa anaona vizuri kabisa nani anamwibia ndizi, anamtaja kwa jina mbele ya watu, na wapo katika ukoo wanaotamani wale wa kofia warudi.

Basi, nimeshamalizwa, natafuta koti kwa kupapasa, daktari akamgeukia shemeji.

"Na wewe mzee, una miaka mingapi? Umewahi kupimwa presha ya macho?"

"Dada daktari, mimi nimemsindikiza tu."

"Kaa hapa kidogo."

"Mimi siumwi."

"Ndiyo maana nakwambia ukae."

Akakaa kwa heshima ya ile shikamoo. Presha ya jicho ya kawaida huwa kati ya 10 na 21. Yake ilisoma 34 upande mmoja na 31 upande wa pili. "Nje ya mia?" akauliza, kwa matumaini. Akatanuliwa mboni naye, akaangaliwa ndani, muda mrefu kuliko mimi, na nikasikia vibaya kidogo, maana mgonjwa wa siku hiyo nilikuwa mimi. Kisha akawekwa kwenye ile mashine nyingine, kichwa ndani, jicho moja limezibwa, kitufe mkononi, bonyeza kila unapoona nukta ya mwanga. Nilikuwa nyuma yake. Mtu wa chui wa Seronera, nukta zinawaka upande wa kushoto, kidole chake kimetulia.

Karatasi ikatoka. Mimi sikuweza kuisoma, macho yangu bado yalikuwa kwenye ukungu, lakini niliona kwamba sehemu moja ni nyeusi.

Shemeji akaitazama. "Kwa hiyo lile geti..."

"Geti gani?" akauliza daktari.

"Basi tu."

Ni glakoma. Presha, mara nyingi ikiwa juu, inaua mshipa wa fahamu wa jicho taratibu, miaka mingi, ikianzia pembeni. Katikati huachwa mwisho, na ndiyo maana alizisoma E zote na ananiona mimi na mapungufu yangu yote. Bodaboda anayechomoza pembeni ndiye asiyeonekana. Kilichokufa hakifufuki; matone, akiyaweka kila siku, yanalinda kilichobaki. Sisi Waafrika huupata ugonjwa huu zaidi na mapema zaidi, na unatembea kwenye damu. Utafiti uliofanyika Kongwa, Dodoma, na kuchapishwa mwaka 2000 ulikuta karibu watu 4 katika kila 100 wenye miaka arobaini na kuendelea wanao. Kifodi kikijaa kama kinavyojazwa hapa kwetu, mmoja yumo.

"Kuna aliyepofuka kwenye ukoo wenu?" akauliza binti, kalamu tayari.

"Hakuna," shemeji akasema. Akafikiri. "Bibi tu. Lakini yule alilogwa, kulikuwa na kesi ya mpaka wa shamba. Na baba mdogo, ila yeye ni gongo."

Daktari akawaandika wote wawili.

Tulipotoka ilikuwa saa saba mchana, jua la Arusha limekuja kwa makusudi, na ndipo tulipogundua kwamba tuna Land Cruiser moja na mboni nne zilizotanuliwa. Tukasimama kivulini, watu wazima wawili tumefunika nyuso kwa bahasha za hospitali. Mama watoto akaja na bajaji, akachukua ufunguo, hakusema kitu. Akatuendesha hadi kwa kaka yake. Akaingia getini bila kugusa popote.

Sasa gari limepumzishwa hadi kipimo cha pili, na shemeji anaweka matone yake saa tatu usiku kwa kutumia kengele ya simu, kisha ananipigia kunieleza bei ya chupa. Kazi kubwa imekuwa ndugu zake. Daktari alisema wote wapimwe, na watoto wao wakubwa pia. Kundi la ukoo la WhatsApp limewaka moto. Kamati imeundwa, ina mwenyekiti, katibu na mhazini. Imekubaliwa kwamba kwa kuwa Desemba kila Mchaga anarudi nyumbani, wapimwe siku moja, Moshi, kwa pamoja. Tarehe ndiyo inayowagonganisha. Kaka mkubwa anapinga 24 kwa hoja kwamba mtu aliyetanuliwa mboni hawezi kuona kama amepunjwa nyama. Wengine hawataki 27, mbege ya Krismasi itakuwa haijaisha. Inaelekea itakuwa 28, na mbuzi wa siku hiyo ameandikwa kwa mkwe, yaani mimi. Nimeuliza kwenye kundi kupima macho kunahitaji mbuzi wa nini. Ujumbe umesomwa, tiki zote za bluu, hakuna aliyejibu.